Chokaa na Rangi katika Kuta za Nje za Nyumba za Mwambao

Katika kazi zote za ujenzi hapana inayodharauliwa kama kupaka ukuta. Mwashi huitwa kwa heshima, na seremala vivyo hivyo. Bali mpakaji huonwa kuwa mtu wa kumalizia tu, na kazi yake kuwa ya kupendeza macho. Lakini nyumba nyingi za mawe za mwambao, pamoja na makanisa na madarasa yaliyojengwa kwa namna ile ile, zimeharibika si kwa kukosa kupakwa, bali kwa kupakwa kitu kisichozifaa. Kwa kuwa walimu na mapadre wengi ndio wenye kuyatunza majengo hayo, twaona yafaa kueleza asili ya chokaa, tofauti yake na rangi za siku hizi, na jinsi ya kuipaka.

Tuanze na maneno, kwa maana lugha yenyewe yatufundisha. Kitenzi *kujenga* hutumika kwa nyumba ya namna yoyote. Lakini wazee wa mwambao walikuwa na kitenzi kingine, *kuaka*, maana yake kujenga kwa mawe na chokaa. Na kwacho tumepata maneno *mwashi* na *uashi*. Nyumba ya miti *hukandikwa* kwa udongo. Nyumba ya mawe *hutomewa*, yaani hutiwa vijiwe na chokaa katika nafasi za ukuta. Kisha hupigwa lipu, na mwisho hupakwa chokaa. Neno *rangi* asili yake ni Kiajemi. Neno *chokaa* nalo lina kazi nyingi: chokaa hushika mawe, hung'arisha ukuta, tena huliwa pamoja na tambuu.

Mawe ya nyumba hizi ni matumbawe, nayo chokaa yake hutoka katika matumbawe yayo hayo. Kazi hii ni ya zamani sana, kwani Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulianza kujengwa katika karne ya 11. Mawe hupangwa juu ya magogo katika tanuu, yakachomwa kwa moto mkali hata hewa iliyofungwa ndani yake ikatoka. Jiwe lililochomwa likitiwa maji hufoka, hutoa joto jingi, na kuvunjika kuwa unga. Ndiyo maana ya *kuzima chokaa*. Ikiisha kupakwa ukutani, chokaa huivuta tena ile hewa iliyoipoteza, kidogo kidogo, hata ikarudi kuwa jiwe. Basi mwenye kupaka chokaa hafuniki ukuta kwa kitu kigeni. Auvika ngozi ya jiwe lile lile.

Hapo ndipo ilipo siri yenyewe. Ukuta wa matumbawe hunywa maji, ya mvua kutoka juu na ya ardhi kutoka chini, na maji hayo ya pwani huwa na chumvi. Ngozi ya chokaa ina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo unyevu hupita ukakaukia nje. Rangi ya mafuta na rangi ya plastiki huziba njia hiyo, na lipu ya saruji nayo huizuia sana. Unyevu ukikosa njia hukaa ndani. Chumvi huganda nyuma ya rangi, ikaifanya ivimbe na kubanduka pamoja na lipu. Jambo baya zaidi halionekani: ncha za boriti zilizoingia ukutani huoza kwa unyevu, na siku moja dari huanguka. Ukuta waweza kung'aa nje huku wanafunzi wakikaa chini ya boriti zilizooza.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua rangi, tuulize kwanza ukuta ni wa nini. Ukuta wa matofali ya saruji wafaa kupakwa rangi ya plastiki, ila usipakwe kabla haujakauka; ni vema kungoja kadiri ya siku 28, kwani ukali wa saruji mbichi huila rangi, hasa ya mafuta. Ukuta wa mawe na chokaa hutaka chokaa. Asiyejua ukuta wake umepakwa nini na aunyunyizie maji: yakinywewa upesi, ukuta wapumua, yakitiririka, umezibwa.

Kazi ya kupaka hufuata taratibu hii. Kwanza, rangi iliyoziba na lipu iliyolegea ziondolewe, kwa kuwa chokaa haishiki juu ya plastiki. Rangi za mafuta za zamani mara nyingi zilitiwa risasi, nayo ni sumu; basi zisikwanguliwe kavu, wala watoto wasiwe karibu. Pili, nyufa zizibwe kwa chokaa na mchanga, si kwa saruji. Tatu, ukuta usuguliwe na kulowanishwa, maana ukuta mkavu hunyonya maji ya chokaa kabla haijashika, ikabaki unga. Nne, chokaa iliyozimwa vizuri ichujwe, ikorogwe na maji hata iwe nyepesi kama maziwa. Tano, ipakwe mikono mitatu hadi mitano, kila mkono ukingoja siku moja, upande wenye kivuli, wala si katika jua kali au mvua. Mikono mingi myembamba hushinda mmoja mzito, ambao hupasuka. Atakaye rangi achanganye udongo wa rangi, mwekundu au wa manjano, kwa sababu rangi nyingine huliwa na chokaa. Wafanya kazi wajikinge macho, kwani chokaa yaweza kupofusha.

Wengine watasema kwamba chokaa haidumu, na ya kuwa rangi ya kopo huokoa kazi. Ni kweli kwamba chokaa hutaka kurudiwa mara kwa mara. Wenyeji wa mwambao walijua hivyo, wakazoea kuing'arisha nyumba kabla ya arusi na sikukuu. Lakini kila aliyerudia kupaka aliutazama ukuta wake kwa karibu, akaona ufa ungali mdogo. Wahenga walisema, usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mji Mkongwe wa Unguja uliandikwa katika urithi wa dunia mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001. Wala hakuna sifa itakayozishika kuta zake pasipo mikono inayojua kuzima chokaa na kuipaka.

Mafundi wanaojua kazi hii wanapungua, na maneno yao hupotea pamoja nao. Twawaomba wasomaji walio karibu na waashi wazee wawaulize majina ya vyombo vyao na ya kila hatua ya kazi, wayaandike kama yasemwavyo, na kutuletea.