Kana za Uvira: Rangi Haifanyi Spishi

Kuanzia tambarare ya Ruzizi hadi mwambao wa Tanganyika, kana huota kando ya mifereji, kwenye kingo zenye unyevu na nyuma ya parsele. Wengi huhesabu aina zake kwa rangi: nyekundu, njano, yenye madoa. Hesabu hiyo hupotosha, maana spishi moja tu, Canna indica, inaweza kutoa rangi hizo zote.

Jenasi Canna iko peke yake katika familia ya Cannaceae. Uainishaji unaokubalika sana una spishi 10, na asili yake ni Amerika. Canna glauca hupenda maji, ina majani membamba ya kijivujivu na maua ya njano. Canna iridiflora ya Peru huinamisha maua yake ya waridi. Canna indica, iliyopewa jina na Carl Linnaeus mwaka 1753, ndiyo iliyotoroka bustanini na kuwa mmea wa mwitu katika nchi nyingi za joto, ikiwemo kwetu.

Ili kuitambua, tazama ua kwa makini. Vile vinavyong'aa si petali. Petali halisi ni 3, nyembamba, hazivutii macho. Zinazopendeza ni stameni tasa zilizotanuka. Stameni yenye chavua ni moja, tena nusu yake tu. Ndiyo maana ua la kana haligawanyiki katika nusu mbili zinazolingana, ulikate utakavyo. Kabla tumba halijafunguka, chavua huwa tayari imemwagwa juu ya mtindo, ule ulimi bapa wa sehemu ya kike. Hivyo mmea huweza kujichavusha wenyewe, na mche mmoja ukatosha kuzaa kichaka kizima.

Kana ya mwitu ina ua jembamba lililosimama, na hufuatiwa na tunda lenye vinundu na mbegu nyeusi, ngumu. Kana za mapambo ni machotara walioanza kuzalishwa Ufaransa katika karne ya 19: maua yao ni mapana, na wengi wana kromosomu 27 badala ya 18, kwa hiyo hawazai mbegu. Hao hupandwa kwa vipande vya shina la chini ya ardhi. Mbegu ya mwitu nayo ni sugu ajabu: moja iliyokutwa Argentina ndani ya njuga ya ganda la jozi, iliyokadiriwa kuwa na miaka 600 hivi, iliota. Ukitaka kuotesha yako, kwaruza ganda lake kwanza, kisha iloweke.

Kana ni ndugu wa mgomba na tangawizi. Zote ni za oda ya Zingiberales. Shina lake la ardhini lina wanga unaoliwa katika milima ya Andes na kutengenezewa tambi huko Vietnam. Lakini undugu huo una hatari yake. Majaribio yameonyesha kwamba bakteria wa mnyauko, ugonjwa uliokausha migomba mingi ya Kivu, anaweza kuiambukiza kana pia. Basi ipande penye mfereji au mbele ya nyumba, mbali na shamba la migomba, na panga lililokata mgomba mgonjwa lisiguse kana kabla ya kusafishwa kwa moto au dawa ya klorini.