Alama 62 za Kenya Si 62 za Kampala



Sisi tulioishia darasa la saba tulidhani asilimia ni asilimia, kama kilo ilivyo kilo, ukipima Kisumu au ukipima Jinja. Dada yetu mmoja, mwanachama wa tawi letu hapa Kampala, ndiye aliyetufumbua macho.

Dada huyo alisomea uhasibu katika chuo kikuu kimoja cha Kenya, akapata wastani wa alama 62 kwa mia. Katika vyuo vingi vya huko, 60 hadi 69 ni B, na wastani huo humpa mtu Daraja la Pili la Juu. Cheti chenyewe kilikuwa hakijatoka. Alikuwa na karatasi ya matokeo tu. Kazini kwake ikatangazwa nafasi ya msaidizi wa mhasibu, na sharti lilikuwa Daraja la Pili la Juu. Karani wa ajira akaiona 62, akafungua jedwali la Makerere. Humo 60 hadi 64 ni C, yenye pointi 3.0, na Daraja la Pili la Juu huanzia pointi 3.60. Basi akamwandika Daraja la Pili la Chini, akamkata jina. Nafasi ikachukuliwa na mwingine. Dada yetu akabaki ghalani kuhesabu magunia, kwa mshahara ule ule.

Karani hakumwibia alama hata moja. Kosa lake ni kupima kitambaa cha yadi kwa fimbo ya mita.

Tazameni wenyewe. Kenya, A huanzia 70. Makerere huanzia 80. Kenya, kozi nyingi mtu hufaulu kwa 40. Makerere ni 50. Ndugu zetu wa Kongo, kwa mfumo wao wa miaka mingi, hufaulu kwa 50, na anayefika 70 hupewa sifa ya distinksioni, ambayo si mchezo kuipata. Kumbe 70 ile ile ni A Kenya, ni B Makerere, ni distinksioni Kongo.

Wajerumani wana kanuni waitumiayo kwa vyeti vya nje, iitwayo kanuni ya Bavaria. Kwao 1 ndiyo bora, na 4 ndiyo ya mwisho kufaulu. Hutoa alama ya mtu katika alama ya juu kabisa. Hugawanya kwa tofauti ya alama ya juu na alama ya kufaulu. Huzidisha kwa 3, kisha hujumlisha 1. Mwenye 70 kutoka panapofaulu 40: 30 kwa 60 ni nusu, mara 3 ni 1.5, jumlisha 1, anapata 2.5. Mwenye 70 kutoka panapofaulu 50 anapata 2.8. Angalau kanuni hiyo huuliza mtu alifaulu kwa ngapi. Lakini nayo haijui kwamba 70 ya Kenya tayari ni A. Hesabu peke yake haitoshi; lazima daraja lenyewe litazamwe.

Tulikwenda kwa mwajiri pamoja na dada yetu. Nafasi haikurudi. Tulichopata ni ahadi ya maandishi kwamba safari nyingine cheti cha nje hakitapimwa na karani, bali kitapelekwa kwanza Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, ambalo sheria ya mwaka 2001 imelipa kazi ya kulinganisha vyeti vya nje.

Kwa hiyo, ndugu mwenye cheti cha ng'ambo ya mpaka, au mwenye mtoto anayesoma huko, fanya mambo matatu. Kiombe chuo jedwali la alama zake, lenye muhuri, likionyesha alama ya kufaulu na mipaka ya kila daraja. Kama cheti kimechelewa, omba barua ya kutaja daraja lako. Na ukikataliwa kazi, dai sababu kwa maandishi, kisha uilete tawini kabla nafasi haijajazwa.

Dada yetu alikuja kwetu nafasi imekwisha kwenda. Wewe usichelewe.