Msikilize Anayepiga Piano

Mtu anayezisikia nyimbo za Franz Schubert kwa mara ya kwanza humfuata mwimbaji. Ndiye mwenye maneno, na ndiye ambaye sura yake imejaa kwenye jalada la sahani ya santuri. Ushauri wangu ni kwamba aanze na yule mwingine, aliyeketi. Nusu ya hadithi iko mikononi mwake, na kwa msikilizaji asiyejua Kijerumani huenda ni zaidi ya nusu.

Nyimbo hizi, ambazo Wajerumani huziita Lieder, zinahitaji shairi, sauti moja na piano. Hakuna kwaya wala mavazi ya jukwaani. Schubert alitunga zaidi ya 600 kabla ya kufariki Vienna mwezi Novemba 1828, akiwa na miaka 31. Mwaka mmoja kabla ya hapo aliyatia muziki mashairi 24 ya Wilhelm Müller, yakawa Winterreise: kijana aliyeachwa na mpenzi wake anatoka mjini usiku, theluji imetanda, na anatembea tu, hana aendako. Rafiki zake walipoimbiwa waliduwaa kwa huzuni iliyomo. Mmoja wao, Franz von Schober, alisema ameupenda wimbo mmoja tu, ule wa mti ulio karibu na kisima. Schubert akawajibu kwamba yeye anazipenda hizi kuliko zote, na kwamba wao nao watakuja kuzipenda.

Katika wimbo wa kwanza piano inatembea. Hatua zake ni za sawasawa, na mwimbaji anaingia safari ikiwa imeshaanza. Kwenye ule wa mti, vidole vinachezesha majani. Upepo unapompiga kijana usoni na kuipeperusha kofia yake, piano inachafuka ghafla. Ukifika wimbo wa 24, mkono wa kushoto unarudia noti mbili zilezile tangu mwanzo hadi mwisho. Huo ndio mlio wa ala ya kuzungushwa kwa mkono, anayoipiga mzee mmoja nje ya kijiji, miguu peku juu ya barafu, kisahani chake kitupu, mbwa wakimngurumia. Sauti na piano hupokezana, kana kwamba kila mmoja anaogopa kumkatiza mwenzake. Kijana anamuuliza mzee kama waende pamoja. Jibu halitolewi.

Chukua wimbo huo mmoja uusikilize kwa watu watatu. Hans Hotter, aliyejulikana zaidi kama mungu Wotan katika opera za Wagner, aliurekodi mwaka 1954, Gerald Moore akiwa kwenye piano. Sauti yake ni ile ambayo wanakwaya wetu wangeipeleka moja kwa moja kwenye besi, lakini hapa ameishusha hadi karibu na mazungumzo, na Moore hamharakishi. Peter Schreier, mwenye sauti ya tenori, aliimba mzunguko mzima mbele ya watu mjini Dresden, Februari 1985, Sviatoslav Richter akiwa kwenye piano. Ni majira ya baridi na watu wanakohoa ukumbini; wapo wasioweza kulivumilia hilo. Mimi navumilia kwa ajili ya Richter, ambaye tangu wimbo wa kwanza anakwenda polepole mno, hadi unajiuliza kama mwimbaji atapata pumzi ya kumaliza sentensi. Halafu yupo Brigitte Fassbaender, aliyerekodi mwishoni mwa miaka ya 1980 na Aribert Reimann, ambaye mwenyewe alikuwa mtunzi wa opera. Hawa wawili hawajali uzuri. Piano ni kavu, sauti inakwaruza panapostahili kukwaruza, na kijana unayemsikia ni mtu aliye karibu kurukwa na akili. Wanaohoji kama mwanamke anafaa kuyaimba maneno ya mwanamume wamechelewa: Lotte Lehmann alishayarekodi Marekani mwaka 1940 na 1941.

Kuna sababu ya kiufundi iliyotuchelewesha kumsikia mpiga piano. Kabla ya 1925 mwimbaji alisimama mbele ya pembe kubwa na kupaza sauti ndani yake, na piano iliyokuwa nyuma ikatoka dhaifu, kama sanduku linalogongwa. Maikrofoni ndiyo iliyompa haki yake. Kikomo kingine kilikuwa muda: upande mmoja wa sahani ya santuri ulibeba dakika tatu, au nne na ushee. Wimbo mfupi wa Schubert uliingia bila taabu, mrefu wakati mwingine ulikatwa beti. Mwimbaji Hans Duhan aliirekodi Winterreise nzima mwaka 1928, miaka mia tangu Schubert afariki. Mwaka huohuo Siti binti Saad wa Unguja alikuwa Bombay akiwarekodia HMV, kampuni ya nembo ya mbwa, na taarabu yake ikabanwa na kikomo hichohicho. Mwaka 1933 HMV hao hao wakamrekodi Gerhard Hüsch akiimba Winterreise.

Sahani nyingi za zamani hazikutaja hata jina la mpiga piano; karatasi ya katikati ilisema tu kwamba piano ipo. Gerald Moore, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1899, aliipinga dharau hiyo maisha yake yote, kwa ucheshi zaidi kuliko kwa hasira. Kitabu chake cha kumbukumbu cha mwaka 1962 kimepewa jina la swali: je, napiga kwa nguvu mno? Alipoaga jukwaa London mwaka 1967, pamoja na waimbaji watatu wakubwa, alimalizia peke yake kwa kupiga wimbo wa Schubert wa kuushukuru muziki, bila sauti ya mtu. Studio hakuiaga. Yeye na mwimbaji Dietrich Fischer-Dieskau waliendelea kurekodi hadi mwaka 1972, nyimbo za Schubert zaidi ya 400.

Fischer-Dieskau wengi humpa kiti cha mbele. Aliirekodi Winterreise mara nyingi, ya kwanza Berlin mwaka 1948 akiwa na miaka 22, mji ukiwa bado magofu. Namheshimu kuliko ninavyompenda. Kila neno amelipigia mstari, msikilizaji haachiwi cha kugundua. Mwandishi Mfaransa Roland Barthes alikuwa na lalamiko linalofanana na hilo, akamsifu badala yake mwalimu wake wa kuimba, Charles Panzéra. Nakubaliana naye nusu, maana ile rekodi ya 1948, ya kijana aliyetoka vitani, haina kasoro hiyo.

Panzéra anatufikisha kwa mtunzi Robert Schumann na Dichterliebe, nyimbo 16 za mwaka 1840, ambamo mwimbaji hunyamaza na piano ndiyo inayofunga kitabu. Wengi watakuelekeza kwa Fritz Wunderlich, aliyefariki mwaka 1966 kwa kuanguka ngazini kabla ya kutimiza miaka 36, na kweli sauti nzuri kuliko ile ni vigumu kuipata. Lakini mpiga piano wake, Hubert Giesen, anafuata tu, na Schumann hakuandika piano ya kufuata. Panzéra alirekodi mwaka 1935 na Alfred Cortot. Kijerumani chake kina lafudhi ya Kifaransa, mitambo inachakarisha, na Cortot, kama ilivyokuwa kawaida yake, anakosea noti hapa na pale. Nikitaka sauti namsikiliza Wunderlich. Nikimtaka Schumann nakwenda kwa Cortot, na noti zake zilizokosewa.