Utangulizi: Moyo Unavyoitika Wito wa Misuli

Kabla ya mchoro wowote tufanye hesabu. Mtu mzima aliyetulia, moyo wake hupiga kama mara 70 kwa dakika, na kila pigo hutoa takriban mililita 70 za damu. Zidisha: unapata karibu lita 5 kila dakika. Sasa jiulize, mtu huyo ana damu kiasi gani mwili mzima? Karibu lita 5 hizo hizo.

Hesabu ya aina hii ndiyo iliyoliangusha fundisho lililodumu zaidi ya miaka elfu moja. Wafuasi wa tabibu Galeni waliamini kwamba damu hutengenezwa na ini kutokana na chakula, kisha huishia viungoni. Mwaka 1628 Mwingereza William Harvey alionyesha kwamba hakuna mlo unaoweza kutengeneza damu nyingi kiasi hicho. Lazima ni ile ile inayorudi. Huo ndio mzunguko wa damu. Sehemu yake moja, ile inayopita mapafuni, ilikuwa imekwisha kuelezwa katika karne ya 13 na Ibn al-Nafis, tabibu wa Damasko na Kairo. Alichokosa Harvey ni kuona damu inavukaje kutoka mishipa inayokwenda hadi mishipa inayorudi. Marcello Malpighi alikiona kivuko hicho kwa hadubini mwaka 1661, katika mapafu ya chura: ni kapilari, yaani vijishipa vyembamba mno ambavyo chembe nyekundu za damu hupita kwa kufuatana.

Moyo wenyewe ni pampu mbili zilizoshikamana. Ya kulia hupeleka damu mapafuni ikachukue oksijeni. Ya kushoto huipeleka mwilini kote. Kila pampu ina chumba cha juu cha kupokea, kiitwacho atria, na chumba cha chini cha kusukuma, kiitwacho ventrikali. Milango yake ni vali, ambazo huruhusu damu kwenda upande mmoja tu. Hapa wanafunzi wengi hujikwaa, kwa hiyo twende taratibu. Ateri ni mshipa wowote unaotoa damu moyoni, na vena ni wowote unaoirudisha. Usizitambue kwa wingi wa oksijeni, maana ateri ya mapafu hubeba damu yenye oksijeni kidogo. Tazama damu inaelekea wapi; hutakosea.

Sasa tumchukue mkulima wa Lumemo aliyefunga gunia la mpunga kwenye baiskeli, anaelekea Ifakara mjini. Hata kabla hajakanyaga pedali, mapigo yameanza kupanda. Wakati wa kupumzika, neva iitwayo vegasi huuzuia moyo usiende mbio. Ubongo unapojiandaa kwa kazi, hulegeza kizuizi hicho. Baadaye neva nyingine, pamoja na homoni ya adrenalini, huuhimiza moyo zaidi.

Lakini amri kubwa haitoki kichwani. Inatoka mapajani. Misuli inayofanya kazi hutumia oksijeni, hutoa kabonidayoksaidi na joto, na mabadiliko hayo hapo hapo hutanua ateri ndogo zinazoilisha. Mkulima wetu anaijua kanuni hii shambani: ukifungua tuta la jaruba moja, maji huelekea huko, na majaruba mengine hupungukiwa. Misuli iliyopumzika hupata kama sehemu moja kwa tano ya damu yote inayotoka moyoni; katika kazi nzito sana hupata zaidi ya nne kwa tano. Utumbo na figo hupunguziwa. Ubongo haupunguziwi.

Na ikiwa damu nyingi hivyo inakwenda miguuni, inarudije juu? Swali hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake huwashangaza hata waliosoma. Misuli ya miguu ni pampu pia. Kila inapokaza huminya vena zilizo kati yake, na vali za ndani ya vena huzuia damu isirudi chini. Ndiyo maana askari aliyesimama wima kwenye gwaride bila kutikisika huweza kuzimia, ilhali anayetembea haanguki. Damu inayorudi kwa wingi huutanua moyo, na moyo uliotanuka hukaza kwa nguvu zaidi. Hii ni kanuni ya Starling, mwanafiziolojia wa Uingereza wa mwanzoni mwa karne ya 20. Wengi hudhani moyo huivuta damu. Kwa kiasi kikubwa hutoa tu kile ulichorudishiwa.

Bonde la Kilombero, anakoishi mkulima wetu, lina joto, nalo huongeza mzigo. Ngozi nayo hudai damu ili ipoze mwili, na jasho hupunguza maji ya damu. Kinachorudi moyoni hupungua, kila pigo hutoa kidogo, na moyo hulipa kwa kupiga haraka zaidi. Mzigo ni ule ule, barabara ni ile ile, lakini mapigo ya saa saba mchana si ya alfajiri.

Mazoezi ya miezi mingi hufanya kinyume: ventrikali hupanuka, pigo moja hutoa damu nyingi, na mapigo ya mapumziko hupungua. Wakimbiaji wa kiwango cha Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974, wanaweza kuwa na mapigo chini ya 50 kwa dakika wakiwa wamelala, na ni afya tupu.

Mapigo ya haraka kwa mtu aliyelala ni habari nyingine. Malaria, ambayo watafiti wa Ifakara wameichunguza tangu miaka ya 1950, huharibu chembe nyekundu. Mtoto aliyepungukiwa damu huwa na oksijeni kidogo katika kila pigo, hivyo moyo wake hukimbia angali kitandani. Huyo apelekwe hospitali mara moja.

Kabla ya kufungua sura ya kwanza, weka vidole viwili chini ya kidole gumba, upande wa ndani wa kifundo cha mkono, uhesabu mapigo kwa dakika moja. Tembea haraka kwa muda, uhesabu tena mara tu unaposimama, kisha tena baada ya dakika moja. Hesabu ya tatu itakuwa imeshuka: vegasi imeanza kurudi kazini, na sura ya kwanza inaanzia hapo.