Simu Inazunguka Tu: Pesa Imetoka ama Bado?

Umeweka PIN, ukasubiri, lakini meseji haiji. Hebu tukueleze kinachoendelea huko nyuma.

Kila ukituma pesa, programu huuliza hifadhidata maswali: salio linatosha? Mpokeaji amesajiliwa? Mengi hujibiwa kwa milisekunde chache tu, na milisekunde 1,000 ni sekunde moja. Wahandisi wanachosaka ni yale machache yanayokawia.

Si waandike kila swali?

Kuandika nako ni kazi. Mwisho wa mwezi, watu wakilipa kodi ya nyumba na kununua tokeni za stima, seva ikirekodi kila kitu diski itajaa na foleni itazidi kurefuka. Ndiyo maana kuna sampuli.

Chukua mfano wa PostgreSQL, hifadhidata inayotumika sana duniani. Tangu toleo la 13 la mwaka 2020, unaweza kuipangia hivi:

- `log_min_duration_sample = 200ms` na `log_statement_sample_rate = 0.05`: kati ya maswali yaliyofikisha milisekunde 200, yanaandikwa kama 5 kwa kila 100, bila kuchagua.
- `log_min_duration_statement = 1s`: lililofikisha sekunde nzima linaandikwa lazima.

Kwa hivyo maswali 10,000 ya kundi la kwanza yataacha rekodi kama 500 hivi. Hizo zinatosha kuonyesha ni swali gani linajirudia kuchelewa.

Na pesa zangu je?

Usiwe na wasiwasi. Sampuli ni ya rekodi za ucheleweshaji pekee. Muamala wako wenyewe haupigiwi kura: ukikamilika, unahifadhiwa.

Kumbuka pia kuwa kukawia si kukataliwa. Huenda pesa imeshafika na ni jibu tu liko njiani. Basi:

1. Usitume tena haraka, usije ukalipa mara mbili.
2. Angalia salio au taarifa ya miamala kwanza.
3. Ukipigia huduma kwa wateja, taja saa na dakika uliyotuma. Hapo ndipo wahandisi huanzia kutafuta.

Na mtu akikupigia eti anahitaji PIN yako "kuharakisha muamala uliokwama", kata simu. Kutafuta swali linalochelewa hakuhitaji PIN ya mtu yeyote. Huyo ni tapeli.