Lilias Trotter na Sanduku Lake la Rangi

Mwaka jana binti yangu aliye kidato cha pili aliniletea daftari la bayolojia nilikague. Kurasa za nyuma zilijaa maua, kuku na uso wa bibi yake, vyote kwa kalamu za rangi. Nikamwambia, kwa sauti ninayoijutia mpaka leo, "Picha hazilipi ada!" Akalifunga daftari, hakujibu neno.

Wiki chache baadaye nilikuwa naandaa somo la kikundi cha akina mama kanisani, nikakutana na habari za Lilias Trotter. Sikulala mapema usiku ule.

Lilias alizaliwa London mwaka 1853 katika familia yenye uwezo. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 12. Mwaka 1876 mama yake alikuwa naye Venice, Italia, akasikia kwamba John Ruskin, mhakiki wa sanaa aliyeheshimiwa na kuogopwa Uingereza, yuko mjini humo. Yule mama akafunga picha za bintiye, akamtumia pamoja na barua fupi. Ruskin alikuwa ameandika vitabuni kwamba wanawake hawawezi kuchora, isipokuwa vijambo vidogo vya kupendeza. Alipoziona picha zile, akamwita binti na kuanza kumfundisha. Mwaka 1883, akihutubia Oxford, alikiri hadharani kwamba mawazo yake juu ya wanawake yamegeuka. (Nampenda sana yule mama. Yeye hakusema habari za ada.)

Lakini Lilias alikuwa na kazi nyingine. Usiku alikwenda maeneo ya kituo cha treni cha Victoria, London, kuwatafuta wasichana waliouza miili yao, awapatie mahali pa kulala na kujifunza kazi ya mikono. Ruskin alinung'unika. Katika barua mojawapo alimlaumu kwamba maisha yale yanamharibia jicho la rangi. Picha zake zimekuwa za kijivu na kahawia. Mwaka 1879 alimwambia wazi: akijitoa kabisa kwa sanaa, atakuwa mchoraji mkuu kuliko wote walio hai, na kazi zake hazitakufa.

Lilias alipambana na neno hilo kwa siku kadhaa. Mwisho aliona kwamba hawezi kuitumikia sanaa kwa namna ile, na bado Ufalme wa Mungu ukawa wa kwanza.

Hapa nina neno. Nimewasikia watu wakisimulia habari hii kana kwamba uchoraji ulikuwa dhambi, naye akautupa. Sivyo. Hakutupa hata brashi moja. Alichokataa ni kuiweka sanaa kwenye kiti cha mbele. Wala sisemi kila mwenye kipaji lazima aamue kama yeye. Wako waliomtumikia Bwana kwa kuchora maisha yao yote.

Mwezi Machi 1888 alifika Algiers, Algeria, pamoja na rafiki zake wawili. Shirika la misheni lilikuwa limemkataa kwa sababu ya moyo wake dhaifu. Kwa kweli hata mimi muuguzi nisingethubutu kumpitisha! Kiarabu hawakukijua hata kidogo. Lakini alitumika huko miaka 40, mpaka alipofariki mwaka 1928.

Na sanduku la rangi lilikwenda naye. Shajara zake zimejaa picha ndogo za rangi za maji: matuta ya mchanga, vichochoro vya mji wa kale, watu, maua ya jangwani. Jicho lile lile lililofunzwa kutazama rangi ndilo alilotumia kufundisha imani. Alipoona ua likipukutisha petali zake ili mbegu ikomae, aliona habari ya Msalaba, akaichora na kuiandikia kitabu. Aliandika pia kijitabu kutokana na ua moja la manjano la porini, aliloliona msituni likiwaka kwa mwali wa jua la asubuhi. Ua lilikuwa limelielekea jua tu. Aliwaonya wasomaji kwamba hata mambo mazuri, yakiwa mengi mno, hutawanya moyo. Miaka baadaye kijitabu hicho kilimfikia Helen Lemmel, naye mwaka 1918 akatoa wimbo wa kumgeuzia Yesu macho, unaoimbwa makanisani hata leo.

Je, alipoteza kitu? Ndiyo, na sitaki kuificha hasara hiyo. Jina alilotabiriwa hakulipata. Kwa miaka mingi ni watu wachache tu waliomjua kama mchoraji.

Miaka yake ya mwisho alikuwa kitandani, moyo umechoka. Saa za mwisho, rafiki mmoja alimwuliza kama anaona vitu vizuri. Alijibu kwamba ndiyo, vingi, vingi.

Mwezi uliofuata nilibana kidogo fedha za sokoni, nikamnunulia binti yangu boksi la rangi za maji. Picha ya kwanza ilikuwa ya jogoo wetu, na mkia wake aliupaka kijani. Nikamwuliza, "Mwanangu, tangu lini jogoo mweusi akawa na mkia wa kijani?"

"Mama, njoo umtazame juani."

Nikaacha vyombo, nikatoka nje. Ni kweli, kijani kimo.