Stata ya Gari Kuukuu: Pima Kwanza, Ndipo Ununue

Gari la kikundi si la mtu mmoja. Pikapu yetu, Toyota Hilux ya miaka ya 1980, hupeleka maziwa asubuhi, hubeba mbolea na mahindi mchana, na usiku mgonjwa akizidiwa ndiyo ambulensi yetu. Siku ilipokataa kuwaka, kijiji kizima kilipata habari.

Ilikuwa usiku, na mama mmoja alikuwa ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Tulipogeuza ufunguo tukasikia "tak!" moja, basi. Taa zilikuwa zinawaka vizuri. Tulisukuma gari mpaka kwenye mteremko, likawaka, na mama akafika hospitali salama. Kesho yake kila mtu alisema, "Stata imekufa." Tukachukua michango ya miezi mitatu, tukanunua stata nyingine ya ex-Japan na kuifunga. Tukageuza ufunguo: "tak!" Kumbe ubovu ulikuwa kwenye waya wa athi, ule unaounganisha injini na bodi ya gari. Ulikuwa umeoza kwa kutu. Bei yake haikufika hata sehemu ya kumi ya bei ya stata.

Tunaandika haya ili kikundi kingine kisipoteze pesa kama sisi.

KAZI YA STATA

Zamani magari yaliwashwa kwa kuzungusha hendo kwa mkono, na wengi walivunjika mikono injini iliporudi nyuma kwa ghafla. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilianza kuuza magari yenye stata ya umeme, iliyobuniwa na Charles Kettering na wenzake. Kazi yake haijabadilika. Ukigeuza ufunguo, umeme mdogo huenda kwenye solenoidi, ile chupa ndogo iliyo juu au ubavuni mwa stata. Solenoidi hufanya mambo mawili: husukuma gia ndogo iitwayo bendiksi ikashikane na meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini, na hufungua njia ya umeme mkubwa kutoka kwa betri. Hapo stata huzungusha injini mpaka iwake.

Sasa shika neno hili. Taa moja ya mbele ya wati 55 hutumia ampea 5 hivi. Stata huhitaji ampea 100 hadi 200, na ya dizeli huweza kuhitaji zaidi. Ni kama mfereji wa maji: bomba lililoziba nusu litajaza kikombe, lakini halitanywesha ng'ombe kumi. Ndiyo sababu taa zinaweza kuwaka vizuri huku stata ikikosa nguvu, kwa ajili ya nati moja iliyolegea au waya uliooza. Kwa hivyo usiseme, "Taa zinawaka, basi ni stata."

KWANZA SIKILIZA

(a) Kimya kabisa, na taa hafifu: betri imeisha au taminali zake zimelegea.

(b) "Ta-ta-ta-ta" ya haraka haraka: mara nyingi ni betri dhaifu au taminali chafu.

(c) "Tak!" moja, na taa haziyumbi: angalia nyaya nene na athi. Kama ziko sawa, shida iko kwenye solenoidi au brashi za kaboni ndani ya stata.

(d) Injini inazunguka polepole kama mzee apandaye mlima: betri, nyaya, au brashi na bushi zilizolika.

(e) Stata inalia "wiiii" lakini injini haizunguki: bendiksi imechoka, au meno ya flaiwili yamelika.

HALAFU PIMA

Fungua taminali za betri, uzisafishe kwa maji moto na msasa, uzikaze vizuri. Angalia macho yako yasipate asidi. Ukiwa na mita ya volti, betri iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 hivi. Ikiwa chini ya 12.2, ichajiwe kwanza. Mwenzako akipiga stata, betri isishuke chini ya volti 9.6. Ikishuka, shughulika na betri kwanza.

Kujua hali ya athi, weka ncha moja ya mita kwenye taminali ya hasi ya betri na nyingine kwenye chuma safi cha injini, huku stata ikipigwa. Ikisoma zaidi ya nusu volti, athi ni mbaya. Huna mita? Chukua waya mmoja mnene wa jampa, uunganishe hasi ya betri na chuma cha injini, mbali na feni na mikanda. Gari likiwaka mara moja, umepata mchawi wako. Jambo hili la dakika tano lingeokoa michango yetu ya miezi mitatu.

Na hata ikiwa ni stata kweli, uliza fundi kama inatengenezeka. Kwenye stata za Toyota nyingi za zamani, ndani ya solenoidi mna vipande viwili vya shaba ambavyo huliwa na cheche mpaka umeme ukose kupita. Vinabadilishwa peke yake kwa pesa kidogo. Brashi za kaboni vilevile. Fundi wa Jua Kali anayejua stata anaweza kukufanyia kazi hiyo kwa siku moja.

KUBADILISHA STATA

Vipimo vikionyesha kwamba stata ndiyo mbovu, fanya hivi:

1. Egesha gari mahali tambarare, injini ikiwa imepoa. Gia iwe fri, breki ya mkono ivutwe, na mawe yawekwe mbele na nyuma ya magurudumu. Ukilazimika kuingia chini, gari lisimame juu ya stendi imara au shimo la gereji. Usiingie kamwe chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Jeki ikiteleza haiulizi jina.

2. Vua saa na pete. Kisha fungua taminali ya HASI ya betri kabla ya kitu kingine chochote, uisukume kando. Waya mnene unaotoka chanya kwenda kwa stata kwa kawaida hauna fyuzi. Spana ikigusa waya huo na bodi kwa wakati mmoja, huwa nyekundu kama makaa, na betri yaweza kulipuka.

3. Tafuta stata pale injini inapokutana na gia boksi. Fungua nati ya waya mnene na uchomoe waya mwembamba wa solenoidi. Ikiwa kuna nyaya zaidi, zitie alama.

4. Fungua bolti zinazoshika stata, mbili au tatu. Ishike kwa mkono mmoja kabla ya kutoa bolti ya mwisho, maana ni nzito na yaweza kukuangukia usoni. Ukikuta vipande vyembamba vya bati katikati, vitunze virudi palepale.

5. Angalia meno ya flaiwili kupitia shimo hilo. Mwenzako azungushe injini taratibu kwa spana mbele, uone meno yote. Yakiwa yamelika, stata mpya haitakufaa kitu.

6. Weka stata mbili kando kwa kando: idadi ya meno, mashimo ya bolti, urefu wa pua, volti 12 na si 24. Ikiwa ni ya mtumba, muuzaji aifunge kwenye jiliti na kuipiga kwa betri mbele yako kabla hujatoa pesa. Gia lazima itoke nje na izunguke bila kukwaruza.

7. Safisha chuma pale stata inapokaa, kusiwe na rangi wala kutu, kwani umeme wake hurudi kupitia hapo. Anza bolti zote kwa mkono, kisha ukaze. Rudisha nyaya, ukaze nati ya waya mnene bila kuzungusha skrubu yake, na ufunike kwa mpira wake.

8. Taminali ya hasi irudi mwisho. Kisha piga stata.

MAMBO YA KUEPUKA

Usipige stata zaidi ya sekunde 10 mfululizo. Pumzika nusu dakika au zaidi, maana joto ndilo huiua. Usiwashe gari kwa kugusanisha skrubu za stata na bisibisi. Ikiwa gia imeingia, gari litaruka na kumpanda aliye mbele yake. Na watoto wasisukume gari, hata wakiomba.

Pikapu yetu inaendelea na kazi, na ile stata ya kwanza, ambayo haikuwa na kosa lolote, iko kwenye rafu ya stoo. Tangu hapo tumepatana kwamba kila mwisho wa mwezi dereva atakaza taminali na kukagua athi mbele ya mweka hazina. Kazi hiyo haichukui hata robo saa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi ufa wetu ulikuwa waya mmoja wenye kutu, na ukuta tuliujenga kwa pesa za wanachama. Wewe mwenzetu, kabla hujaenda dukani, pima kwanza.